Jumapili ya Anayebaki Nyumbani

Leo nataka tuzungumze juu ya Jumapili, na nitaanzia mbali kidogo kabla ya kufika huku kwetu Ufipa.

Mwezi Machi mwaka 321, Kaizari Konstantino wa Roma alitoa amri kwamba Jumapili mahakimu wasisikilize kesi, watu wa mjini wapumzike na karakana zifungwe. Lakini amri hiyo ilimwacha nje mkulima. Watu wa mashambani waliruhusiwa kuendelea na kazi zao, kwa sababu, alivyoeleza Kaizari mwenyewe, mara nyingi inatokea kwamba siku hiyo ndiyo inayofaa kuliko zote kwa kupanda nafaka au mizabibu, na ikipita imepita.

Mtu wa Laela, wa Mpui au wa Kaengesa hahitaji kufafanuliwa hoja hiyo. Mvua za kwanza zimenyesha Jumamosi usiku, mwezi wa kumi na moja. Jumapili alfajiri udongo umelainika, maksai wako zizini, plau imenolewa, mbegu iko kwenye mfuko, na mbolea ya kupandia umeipata kwa mkopo. Unajua kabisa kwamba mahindi yaliyowahi mvua na mahindi yaliyochelewa wiki moja hayafanani wakati wa kuvuna. Kengele ya kigango inalia. Unafanyaje?

Sasa angalia. Kitabu cha Kutoka, sura ya 34, aya ya 21, kinasema kinyume kabisa na Kaizari. Pale Mungu anapoagiza pumziko la siku ya saba, anataja waziwazi majira ya kulima na majira ya kuvuna. Anayataja majuma yale yale ambayo mkulima ana sababu nzuri kuliko zote za kutopumzika. Kwa nini? Kwa sababu pumziko la Januari, mtu anapokuwa amemaliza palizi ya kwanza na hana la kufanya, halimgharimu kitu. Pumziko la Novemba linadai imani. Linakuuliza kama unaamini kwamba chakula chako kinatoka kwa Mungu, au kwa mkono wako peke yake.

Simhukumu anayepanda Jumapili kwa sababu watoto wake watalala njaa. Kanisa nalo halimhukumu. Daima limetambua kwamba kuna shida halisi zinazomfungua mtu, na Bwana wetu alizungumza juu ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato. Mahubiri ya kukataza kilimo Jumapili tumeyasikia ya kutosha, nami sina la kuongeza hapo. Kuna swali jingine ambalo hatuliulizi, nalo ndilo limenileta mbele ya kipaza sauti. Tunapokwenda kanisani, nani tunamwacha nyumbani? Na tumemwachia kazi gani?

Turudi nyuma tena kidogo. Kwa karibu miaka 300 ya mwanzo, Wakristo hawakuwa na siku ya mapumziko kisheria. Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Wengi wao walikuwa watumwa, vibarua na mafundi wa watu wengine, na iliwabidi wakutane kabla jua halijachomoza au baada ya kuzama. Yaani Jumapili ilianza kama kusanyiko kabla haijawa pumziko. Mtakatifu Yustino, shahidi, aliyeandika huko Roma katikati ya karne ya pili, alieleza ibada ilivyokuwa: watu wa mjini na wa mashambani wanakutana mahali pamoja, maandiko yanasomwa, anayeongoza anahubiri, mkate na divai vinaombewa, watu wanashiriki. Kisha anataja mambo mawili ambayo naomba uyatie moyoni. Sadaka iliyokusanywa ilikuwa ya yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Na mashemasi waliwapelekea Ekaristi wale ambao hawakuweza kuwepo.

Wasiokuwepo walikumbukwa, wakapelekewa. Tangu mwanzo, Jumapili ya Wakristo ilihesabu na viti vilivyokuwa vitupu.

Na sisi Waafrika tuna sehemu yetu katika habari hii tangu zamani. Mwaka 304, wakati wa dhuluma ya Kaizari Dioklesiano, Wakristo 49 walikamatwa katika mji wa Abitina, nchi ambayo leo tunaiita Tunisia. Kosa lao lilikuwa kukusanyika kwa ibada ya Jumapili, jambo lililopigwa marufuku. Askofu wao alikuwa amekwisha kuogopa, ametoa vitabu vitakatifu vichomwe moto. Waumini hawakumfuata. Walikutana kwenye nyumba ya mtu, na padri Saturnino, pamoja na wanawe, na wanawake, na vijana. Walipohojiwa huko Karthago, mwenye nyumba, Emerito, aliulizwa kwa nini hakuwazuia watu wale kuingia kwake. Akajibu kwamba wao ni ndugu zake, hakuweza kuwafungia mlango, na kwamba bila kusanyiko lile la Bwana hawawezi kuishi.

Sasa tufike huku kwetu. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kituo kilichokuwa kimeanzishwa na wajumbe wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kutoka ufukweni Injili ikapanda mpaka huku juu, kwenye nyanda zetu za baridi na upepo. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliweka kanuni kwamba mtu ajifunze miaka minne kabla ya kubatizwa. Miaka minne! Wazee wetu hawakuingia Ukristo kwa kunyunyiziwa maji barabarani. Na mapadri walikuwa wachache mno, vijiji vimetawanyika, hakuna barabara. Kwa hiyo aliyeifanya Jumapili iwe Jumapili katika kijiji alikuwa katekista. Yeye alikusanya watu, akasoma, akafundisha, akaongoza sala. Hata leo, katika vigango vingi vya bondeni Rukwa na vya mwambao wa Tanganyika, ndivyo ilivyo: padri anafika kwa zamu, katekista yupo kila juma.

Na nikitaja makatekista siwezi kumruka Adrian Atiman. Alizaliwa nchi za Mali, akatekwa utotoni na wafanyabiashara ya watumwa, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa udaktari kisiwani Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Hapo alikaa mpaka alipofariki mwaka 1956. Zaidi ya miaka 65 alikuwa katekista na tabibu, mtu mmoja mwenye kazi mbili. Hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga imepewa jina lake. Mimi huwa nafikiri juu ya Jumapili za mtu huyu. Mgonjwa hachagui siku. Mtoto mwenye homa kali anafika wakati wa sala, mama mwenye uchungu wa uzazi analetwa kwa mtumbwi. Sidhani Atiman aliona mgongano kati ya kengele na mgonjwa, kwa kuwa Yesu mwenyewe aliponya siku ya Sabato, mara nyingi, mbele ya watu waliokasirika.

Kuna uponyaji mmoja wa namna hiyo ambao naona umeandikwa kwa ajili yetu watu wa Ufipa. Uko kwa Luka, sura ya 13. Yesu yuko katika sinagogi siku ya Sabato, anamwona mwanamke aliyepinda mgongo kwa miaka 18, hawezi kabisa kujinyoosha. Anamwita, anamwekea mikono, mgongo unanyooka. Mkuu wa sinagogi anakasirika, anasema siku za kazi ziko sita, watu waje kuponywa siku hizo. Ndipo Bwana anamkumbusha kwamba kila mmoja wao, siku ya Sabato, humfungua ng'ombe au punda wake zizini akampeleke kunywa maji. Basi, binti huyu wa Ibrahimu asifunguliwe?

Akina baba wa Ufipa, tusikilize hapo. Ng'ombe anafunguliwa. Mama je?

Tuitazame Jumapili ya mama wa kawaida, awe Chala, awe Matai, awe mtaa wa Chanji hapa mjini. Ameamka kabla ya wote. Amewasha moto, na asubuhi ya Juni huku kwetu baridi inauma. Amechemsha maji ya kuoga, ameogesha watoto, amepiga pasi shati la mume. Pale ambapo bomba halitoi, ameshateka ndoo mbili au tatu. Amekwenda kanisani na mtoto mgongoni, mara nyingi amekaa nyuma karibu na mlango ili mtoto akilia atoke. Akirudi, wanaume wanakaa barazani kuzungumza juu ya mahubiri, yeye anaingia jikoni. Wageni wamekuja kwa sababu ni Jumapili, na kuku lazima achinjwe kwa sababu ni Jumapili. Mchana anafua sare za shule maana kesho Jumatatu. Jioni anachambua maharage. Huyu ndugu yetu ameitakasa siku ya Bwana saa ngapi? Kwa mwili wake, Jumapili imekuwa siku nzito kuliko Jumanne.

Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu Kanisa la huku limebebwa na akina mama hawa. Ukiingia jumuiya ndogo ndogo yoyote, wao ndio wengi. Wao ndio waliotufundisha ishara ya msalaba. Haiwezekani siku tunayoita ya ufufuko iwe ndiyo siku ya mgongo wao kuzidi kupinda.

Yupo mwingine anayebaki, naye ni mtoto anayechunga. Ng'ombe hawajui Jumapili, watakula nyasi siku zote saba. Katika familia nyingi kazi hiyo anapewa kijana mmoja, mara nyingine mtoto wa ndugu aliyeletwa kulelewa, mara nyingine kijana wa kuajiriwa kutoka mbali, na yeye ndiye asiyeonekana kigangoni Jumapili baada ya Jumapili. Wenye nyumba wako safu ya mbele. Tunashangaa akifikisha miaka 17 hajui sala, tunasema vijana wa siku hizi wameharibika. Nani alimnyima Jumapili? Amri ya pumziko katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inawataja mtumishi wa kiume na wa kike, ng'ombe, punda, na mgeni aliye ndani ya malango, na inatoa sababu: Waisraeli wakumbuke kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Aliyewahi kunyimwa pumziko ndiye anayeagizwa kuwapa wengine. Nasi, ambao Kanisa letu la Karema lilikusanya watu waliokombolewa utumwani, tungepaswa kuisikia sababu hiyo kwa masikio yote mawili.

Mjini mambo yana sura nyingine. Tangu lami ya kutoka Tunduma ikamilike, Sumbawanga imeamka kibiashara. Mabasi yanaondoka alfajiri siku zote, malori ya mahindi yanapakia, bodaboda wamejipanga nje ya makanisa kusubiri misa ya kwanza iishe. Tunatoka na uso wa furaha, tunapanda pikipiki, tunapitia sokoni, tunaagiza chipsi. Kila mmoja aliyetuhudumia asubuhi ile hakuwa kanisani. Nyumbani dada wa kazi amebaki na kitoto, na sadaka yake hakuna aliyeiulizia.

Sheria ya nchi yetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na akifanya kazi siku hiyo kwa makubaliano, alipwe mara mbili. Ni sheria nzuri, na dada wa kazi naye ni mfanyakazi. Mwajiri Mkristo asisubiri afisa kazi amkumbushe. Lakini sheria haisemi siku hiyo iwe ipi. Inaweza kuwa Jumanne. Na hapo kuna jambo la kujifunza kutoka mbali. Mwaka 1929 serikali ya Urusi ya Kisovieti iliifuta Jumapili. Wafanyakazi waligawanywa katika makundi matano, kila kundi na rangi yake, na kila kundi likapewa siku yake ya kupumzika katika juma la siku tano, ili mashine zisisimame kamwe. Kila mtu alipata siku, tena mapema kuliko zamani. Lakini baba alikuwa na siku yake, mama na yake, rafiki na yake. Watu walilalamika kwamba hii si sikukuu, ukikaa nyumbani peke yako. Mpango ule haukudumu, na mwaka 1940 juma la siku saba na Jumapili yake vilirudishwa.

Kwa hiyo kupumzika peke yake hakutoshi. Mtu anahitaji kupumzika pamoja na watu wake. Hilo ndilo lililokuwa zuri katika vijiji vyetu: siku moja kwa wote, moshi unafuka kila nyumba, wazee wanatembeleana, ugomvi wa mipaka ya shamba unasuluhishwa kwa maneno. Na mkumbuke kwamba babu zetu wa Kifipa walijua kufanya kazi pamoja. Zile intumba, matuta ya mviringo ya majani na udongo ambayo wataalamu wa kilimo wamekuja kuyasoma, mara nyingi zililimwa kwa kualikana, watu wa nyumba nyingi katika shamba moja, na pombe ya ulezi mwishoni. Watu wanaoweza kualikana kulima wanaweza pia kualikana kupumzika. Kama shamba la mjane halijapandwa na mvua imefika, wanajumuiya waliingie Ijumaa, ili Jumapili asilazimike kuchagua kati ya sala na njaa.

Naomba niseme na la kwetu wenyewe, viongozi wa Kanisa, kwa upendo. Sisi nasi tunaila Jumapili ya watu. Ibada ya saa nne, matangazo ya nusu saa, michango mitatu, mnada wa mazao, kisha kikao cha kamati, kisha mazoezi ya kwaya, kisha kikao cha kuandaa kikao cha harusi. Wapo walei waaminifu ambao Jumapili yao inaisha saa kumi na mbili jioni, hawajakaa na watoto wao hata kidogo. Mnada baada ya ibada naupenda, nawaambieni kweli; anayeleta kuku au debe la maharage madhabahuni anatoa jasho lake lenyewe. Lakini vikao vingi vinaweza kwenda siku nyingine. Taifa letu lilifanya uchaguzi mkuu Jumapili mwaka 1995, 2000, 2010 na 2015, na mwaka 2020 likapiga kura Jumatano. Kama kazi kubwa kiasi hicho inahamishika, kikao cha kamati ya ujenzi wa choo cha kigango kinahamishika.

Na majirani zetu Wasabato wanatuonyesha kitu. Hatukubaliani nao juu ya siku. Sisi tunashika siku ya kwanza kwa sababu ndiyo siku aliyofufuka Bwana. Lakini mtazame Msabato Ijumaa mchana. Nyumba inafagiliwa, kuni zinapasuliwa, chakula kinapikwa kabla jua halijazama. Siku yake inaanza kuandaliwa ikiwa bado haijafika, na nyumba nzima inashiriki. Sisi Jumamosi yetu tunaimalizia gulioni au kilabuni, halafu mzigo wote wa maandalizi unamwangukia mama Jumapili saa kumi na moja alfajiri. Hili linarekebishika juma hili hili, halihitaji fedha. Wavulana wateke maji Jumamosi jioni. Sare zifuliwe Jumamosi, na kila mwenye umri wa miaka kumi afue ya kwake. Baba apasue kuni. Kuku wa mgeni, kama ni lazima, mwanamume anajua kumchinja na anaweza kujifunza kumpika.

Kwa wachungaji wa mifugo, liko jambo ambalo jumuiya inaweza kulipanga. Nyumba tano zenye ng'ombe ziunganishe mifugo Jumapili, na wachunge watu wazima kwa zamu, baba mmoja na mwanawe, kila nyumba mara moja katika majuma matano. Vijana wengine wote watakuwa huru kusali na kucheza mpira. Aliye zamu asikose kabisa: pale penye misa mbili anaweza kuwahi ya kwanza, na pale penye katekista peke yake, baadhi ya makatekista wamepewa ruhusa ya kugawa Komunyo, basi aombwe ampitie jioni, kama mashemasi wa Yustino walivyofanya. Vivyo hivyo dada wa kazi: mke na mume wapokezane mtoto, mmoja aende misa ya kwanza, mwingine ya pili, na yeye aende ile anayoitaka.

Msimu wa kupanda hauko mbali. Katika kikao cha jumuiya cha wiki hii, kabla hamjafika kwenye michango, kaeni muandike majina ya watu wa mtaa wenu ambao hawajaonekana kanisani kwa miezi mitatu. Msiandike sababu, majina tu. Kisha mwenyekiti aulize kwa kila jina: huyu Jumapili asubuhi anafanya kazi ya nani? Palipo na jina la mwajiri aliyemo ndani ya chumba hicho hicho, mwenyekiti azungumze naye siku hiyo hiyo, kwa heshima, na wakubaliane juu ya Jumapili ijayo.